Ubingwa wa NFL wa 1925: Pottsville walidhulumiwa, au Cardinals walimaliza kileleni kihalali?

"Mtaalamu, habari za kazi. Ninaishi Phoenix, Arizona, na kijana wangu amekuwa shabiki wa kutupwa wa Cardinals, timu yetu ya NFL, ligi ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani. Shuleni wamepewa kazi ya historia ya michezo, naye kachagua ubingwa wa Cardinals wa mwaka 1925, timu ilipokuwa bado Chicago. Kazini nina mwenzangu mzaliwa wa Pennsylvania. Nilipomtajia tu habari hiyo akawaka: eti ubingwa ule ni wa Pottsville, timu ya kwao, waliwafunga Cardinals kwenye fainali kulekule Chicago, kisha wakapokonywa mezani kwa sababu ya mechi moja ya kirafiki, na Cardinals wakajaziwa ushindi kwa kucheza na watoto wa shule. Nimeangalia msimamo: Cardinals wameshinda 11, wamefungwa 2, sare 1, Pottsville wameshinda 10, wamefungwa 2. Mimi nimezoea pointi tatu kwa ushindi na moja kwa sare. Hiyo .846 ya Cardinals imetoka wapi, na sare yao imeenda wapi? Kijana aandike nini ambacho mwalimu hatakikosoa? Na kuna mahali mtu anaweza kwenda kuona ushahidi kwa macho yake?"

Ndugu yangu, mwenzako wa kazini hakudanganyi, lakini ameunganisha mambo matatu ambayo kila moja lina hesabu yake: mechi ya tarehe 6 Desemba, mechi ya watoto wa shule, na mechi ya Philadelphia. Yakikaa pamoja yanaleta hasira tu. Yakitenganishwa, kijana wako anapata insha nzuri kuliko aliyoifikiria.

Kwanza tuondoe neno fainali. Mwaka 1925 NFL haikuwa na fainali. Ligi ilianzishwa 1920 katika mji wa Canton, Ohio, ikachukua jina la NFL mwaka 1922, na kwa miaka yote ile bingwa alitoka kwenye msimamo, kisha wenye timu wakauthibitisha walipokutana baada ya msimu. Mechi ya kwanza ya kumpata bingwa ilichezwa 1932, kwa sababu tu Chicago Bears na Portsmouth Spartans walimaliza wakiwa sawa. Ilifanyika ndani ya ukumbi mjini Chicago, Bears wakashinda 9 kwa 0. Fainali ya kila mwaka ilianza 1933. Kwa hiyo Pottsville walipoingia Comiskey Park tarehe 6 Desemba 1925 na kuwafunga Cardinals 21 kwa 7, walishinda mechi ya ligi kama nyingine zote. Ilikuwa kubwa kwa sababu timu mbili za juu zilikutana mwishoni mwa msimu, na watu wengi waliichukulia kuwa ndiyo ya kuamua bingwa. Kanuni haikusema hivyo, na hakuna taji lililokabidhiwa jioni ile ambalo baadaye mtu angeweza kulipokonya.

Sasa hesabu, maana ndipo ulipokwama. Msimu ule ligi ilikuwa na timu 20, na hakuna ofisi iliyozipangia ratiba. Kila mwenye timu aliandika barua au kupiga simu, akakubaliana na mwenzake juu ya tarehe, uwanja na mgawo wa mapato ya mlangoni. Matokeo yake ni kwamba Frankford Yellow Jackets walicheza mechi 20 za ligi na Duluth Kelleys wakacheza 3. Ukitumia pointi tatu kwa ushindi kwenye ligi ya namna hiyo, aliyesafiri sana ndiye atakayekuwa bingwa. Ndiyo maana walitumia wastani wa ushindi: unachukua mechi ulizoshinda, unagawa kwa jumla ya ulizoshinda na ulizofungwa. Sare haiingii juu wala chini. Inahesabiwa kama mechi ambayo haikuchezwa.

Cardinals: 11 gawanya kwa 13, unapata 0.846. Pottsville: 10 gawanya kwa 12, unapata 0.833. Hapo ndipo ilipotoka namba uliyoiona.

Na hiyo sare iliyopotea si sare ya hivihivi. Ni mechi ya Cardinals na Bears ya tarehe 26 Novemba 1925, Sikukuu ya Shukrani, siku ambayo Red Grange, nyota aliyekuwa akivuma kuliko mchezaji yeyote wa vyuo nchini, alicheza mechi yake ya kwanza ya kulipwa. Watu wapatao 36,000 walijaa, idadi ambayo ligi ilikuwa haijaizoea. Paddy Driscoll wa Cardinals alikuwa fundi wa kupiga mpira kwa mguu. Kila ilipobidi kuwaachia Bears mpira, aliupiga kuelekea upande ambao Grange hayupo, ili asipate nafasi ya kuudaka na kukimbia nao. Mashabiki walizomea. Mechi ikaisha 0 kwa 0, na kwenye msimamo ni kama haikuwahi kuwepo.

Ligi ilibadilisha utaratibu huu mwaka 1972, sare ikaanza kuhesabiwa nusu ushindi na nusu kipigo. Jaribu kwa kalamu: Cardinals wanakuwa na 11.5 gawanya kwa 14, yaani 0.821, wakati Pottsville wanabaki na 0.833. Hata kwa pointi zako tatu, ukigawa kwa idadi ya mechi, Cardinals wanapata pointi 34 kwa mechi 14, wastani wa 2.43, na Pottsville 30 kwa mechi 12, wastani wa 2.5. Kwa hiyo kanuni ya kuitupa sare iliwabeba Cardinals. Lakini mwambie kijana asiifanye hii kuwa hoja ya kumtawaza Pottsville. Timu zote 20 zilianza msimu zikiijua kanuni ile, na huwezi kumhukumu mtu wa 1925 kwa kanuni ya 1972. Iwe aya ya pembeni, inayoonyesha jinsi tofauti ilivyokuwa ndogo.

Pottsville wenyewe walikuwa akina nani? Ni mji mdogo wa Pennsylvania, katika ukanda wa makaa ya mawe magumu yanayoitwa anthrasiti. Timu iliitwa Maroons, mwenye timu alikuwa daktari wa upasuaji, John Striegel, kocha akiwa Dick Rauch, na 1925 ndio ulikuwa msimu wao wa kwanza katika NFL. Wengi hushangaa mji wa wachimba makaa uliingiaje kwenye ligi moja na Chicago na New York. Jibu ni Jumapili. Sheria za Pennsylvania zilikataza michezo ya kulipwa siku hiyo, kwa hiyo Frankford, waliokuwa ndani ya jiji la Philadelphia, walicheza nyumbani Jumamosi. Katika miji ya machimboni sheria hiyo haikushikwa sana, na Jumapili ndiyo iliyokuwa siku ya mapumziko ya wachimbaji. Timu iliyotoka mbali ikapata faida: inacheza Philadelphia Jumamosi, inapanda treni, inacheza Pottsville Jumapili, inarudi na mapato ya milango miwili kwa nauli moja. Bila treni ile na Jumapili ile, sidhani kama tungekuwa na swali lako leo.

Na walikuwa wazuri kweli. Wakati huo ligi iliruhusu wachezaji 16 tu kwa timu, na haohao walishambulia na kuzuia. Timu nyingi zilikusanya wachezaji siku ya mechi tu, kila mmoja akitoka kwenye kazi yake. Striegel alitaka wake waishi mjini na kufanya mazoezi pamoja. Tony Latone, mkimbiaji wao mkuu, alikuwa ametoka machimboni. Charlie Berry, aliyecheza pembeni na kupiga mateke ya goli, ndiye aliyeongoza ligi nzima kwa kufunga, pointi 74; huyohuyo alikuwa mdakaji wa besiboli wa kulipwa. Walianza kwa kuwafunga Buffalo 28 kwa 0, wakapoteza 6 kwa 0 mbele ya Providence Steam Roller, kisha wakawarudia haohao kwa 34 kwa 0. Canton walikula 28, Columbus 20, Akron 21, wote bila kupata kitu. Tarehe 14 Novemba wakaanguka 20 kwa 0 kwa Frankford, kesho yake wakacheza na Rochester na kushinda 14 kwa 6. Cleveland 24 kwa 6. Green Bay Packers 31 kwa 0. Halafu tarehe 29 Novemba Frankford wakaja Pottsville na kupigwa 49 kwa 0. Jumla ya mechi zote 12: pointi 270 za kufunga, 45 za kufungwa. Shabiki wa Cardinals anayesema Pottsville walibahatisha hajaiona orodha hii.

Turudi kwenye msimamo, asubuhi ya tarehe 7 Desemba. Pottsville wana ushindi 10 na vipigo 2, 0.833. Cardinals wana ushindi 9, vipigo 2 na sare moja, 9 gawanya kwa 11, 0.818. Kama msimu ungefungwa asubuhi ile, Pottsville ni bingwa bila mjadala. Msimu haukufungwa. Ligi ilikuwa imeweka tarehe ya mwisho kuwa 20 Desemba, na kulikuwa na sababu. Mwaka 1924 Bears waliwafunga Cleveland Bulldogs mwezi Desemba wakadai ubingwa, ligi ikasema msimu uliisha 30 Novemba na hiyo ni mechi ya kirafiki, taji likabaki kwa Cleveland. Tarehe ikawa kitu cha kuandikwa mapema. Hadi tarehe hiyo, timu yoyote iliruhusiwa kujiongezea mechi.

Chris O'Brien, mwenye Cardinals, akatumia nafasi hiyo. Hakuwa anawinda taji kwa ajili ya sifa tu. Alichotaka ni mechi nyingine na Bears wa Red Grange, maana ile ya Novemba ilikuwa imeonyesha mapato yanavyoweza kuwa, na Cardinals waliokaa kileleni wangekuwa na mvuto zaidi wa kuwashawishi Bears. Basi akapanga mechi mbili za haraka: Milwaukee Badgers tarehe 10 Desemba na Hammond Pros tarehe 12 Desemba. Hizi hazikuwa viporo vya ratiba. Timu zote mbili zilikuwa zimeshavunja kambi. Milwaukee walikuwa wamefungwa mechi zao zote tano, na Hammond walikuwa na ushindi mmoja tu msimu mzima, ambao, ajabu ya mpira, waliupata kwa Cardinals haohao katika mechi ya kwanza, 10 kwa 6. Cardinals wakawapiga Milwaukee 59 kwa 0 na Hammond 13 kwa 0. Wakapanda hadi 11, 2 na 1. Mtu anaweza kuona aibu ya kuchagua wanyonge, lakini kanuni haikukataza.

Kilichokatazwa ni kilichotokea ndani ya mechi ya Milwaukee. Badgers walikuwa wameshatawanyika na hawakuwa na watu wa kutosha, na wanafunzi wanne wa sekondari ya Englewood, Chicago, wakachezeshwa katika jezi za Milwaukee. Aliyewatafuta alikuwa Art Folz, mchezaji wa Cardinals. Mamluki, kwa lugha tunayoijua viwanjani, isipokuwa hapa mamluki walipewa timu pinzani ili ishuke uwanjani ifungwe. Rais wa ligi, Joe Carr, alipojua alitoa adhabu: Folz afungiwe maisha, mwenye Milwaukee, Ambrose McGuirk, apigwe faini ya dola 500 na auze timu ndani ya siku 90, O'Brien faini ya dola 1,000 na mwaka mmoja wa uangalizi. O'Brien alijitetea kwamba hakujua kuwa ni watoto wa shule. Folz alifunguliwa mwaka uliofuata, lakini hakurudi.

Hapa mwenzako ana hoja nzito kuliko anavyojua. Adhabu zilitolewa, lakini mechi yenyewe imebaki kwenye msimamo mpaka leo. Itoe uone. Cardinals wanabaki na ushindi 10, vipigo 2, sare 1, yaani 10 gawanya kwa 12: 0.833. Ni namba ileile ya Pottsville, mpaka desimali ya mwisho. Na timu zikilingana, nani bingwa? Ulikuwepo mfano. Mwaka 1921 Chicago Staleys, ambao ndio Bears wa leo, na Buffalo All-Americans walimaliza na wastani sawa wa 0.900. Walikuwa wamekutana mara mbili, kila mmoja kashinda mara moja, na taji likaenda kwa Staleys walioshinda mechi ya pili. Cardinals na Pottsville walikutana mara moja tu, na matokeo unayajua.

Lakini subiri, usimpelekee habari hiyo bado, kwa sababu upande wa pili wa mizani kuna Philadelphia.

Tarehe 12 Desemba, siku ileile Cardinals wakicheza na Hammond, Pottsville walikuwa Shibe Park, Philadelphia, wakipambana na kikosi cha nyota wa zamani wa Notre Dame, wakiwemo wale wanne waliojulikana kama Wapanda Farasi Wanne: Stuhldreher, Crowley, Miller na Layden. Chuo chao kilikuwa kimetoka kuwa bingwa wa nchi mwaka 1924. Enzi zile watu wengi waliamini kwamba mpira wa vyuo ndio mpira, na wanaolipwa ni wahuni wa Jumapili, kwa hiyo mechi hiyo ilikuwa na uzito wa heshima na wa pesa pia. Uwanja wa Pottsville ulikuwa mdogo mno kwa pambano kama hilo. Tena mgomo mkubwa wa wachimba anthrasiti ulikuwa umeanza 1 Septemba na ulikuwa haujaisha. Mji mzima ulikuwa hauna mishahara, na sishangai kwamba daktari alitaka kwenda kwenye uwanja mkubwa wa jiji.

Tatizo ni kwamba Philadelphia ilikuwa eneo la Frankford. Kila timu ya NFL ilikuwa na haki ya eneo lake: hakuna mwenzako wa ligi anayeruhusiwa kuandaa mechi hapo bila ridhaa yako. Ukitazama mapato utaelewa kwa nini. Timu hazikuwa na pesa za televisheni wala redio. Kilichokuwepo ni kiingilio, na Frankford walikuwa na mechi ya nyumbani siku hiyohiyo, jiji hilohilo. Wakalalamika. Carr akawaonya Pottsville kwa maandishi, si mara moja bali tatu, kwamba wakicheza watafungiwa. Striegel alidai kwamba ofisi ya ligi ilimpa ruhusa kwa simu. Ruhusa ya simu haina karatasi, na maonyo ya Carr yana karatasi. Wakacheza. Wakashinda 9 kwa 7, Berry akipiga goli la pointi tatu kutoka yadi 30 hivi katika dakika za mwisho. Kwa anayeanza kufuatilia mchezo huu: kuufikisha mpira eneo la mwisho ni pointi 6, teke la nyongeza baada ya hapo ni 1, na teke la goli katikati ya mchezo ni 3. Tisa ya Pottsville ni 6 na 3, kwa maana teke la nyongeza walilikosa.

Carr akawafungia papo hapo, faini dola 500, na haki zao za uanachama zikarudishwa kwa ligi. Wengi hupita hapa wakiishia kusema wamepokonywa taji. Kilichowaumiza hasa kimahesabu ni kingine. Pottsville walikuwa wamepanga kucheza na Providence tarehe 13 Desemba, kesho yake, na mechi hiyo ikafutwa kwa sababu ya kifungo. Kama wangecheza na kushinda, wangekuwa na 11 gawanya kwa 13. Angalia tena namba ya Cardinals juu huko. Ni ileile 0.846. Yaani hata na mechi ya watoto wa shule ikiwa ndani, Pottsville wangelingana na Cardinals na kuwa na ushindi wa ana kwa ana mkononi. Bila shaka wangeweza pia kufungwa. Providence walishawafunga mara moja. Lakini nafasi yenyewe ndiyo waliyoipoteza, na waliipoteza kwa mkono wao.

Ukiniuliza nasimama wapi: Cardinals walimaliza kileleni kwa msimamo ulioachwa kama ulivyo. Pottsville walikuwa timu bora, na sioni hoja ya mpira inayoweza kulipinga hilo. Kosa la ligi ni kuipigia faini mechi ya Milwaukee na bado kuihesabu. Adhabu ya namna hiyo ni nusu adhabu. Kosa la Striegel ni kuonywa mara tatu na kuendelea. Anayesema Pottsville walionewa tu hayatazami maonyo, na anayesema Cardinals walishinda kihalali kabisa haitazami Englewood. Nadhani hata O'Brien aliona hivyo, kwa sababu wenye timu walipokutana baada ya msimu alikataa kuupokea ubingwa, akisema timu yake haistahili kuwapita waliowafunga. Cardinals walianza kuudai kwa nguvu baada ya familia ya Bidwill kuinunua timu mwanzoni mwa miaka ya 1930, na familia hiyo ndiyo inayoimiliki mpaka sasa. Shabiki wa Cardinals ana sababu ya kuung'ang'ania: tangu hapo timu imepata taji moja tu, la 1947, kabla haijahama Chicago kwenda St. Louis mwaka 1960 na Arizona mwaka 1988.

Pottsville walirudishwa kwenye ligi msimu wa 1926, wakashinda tena mechi 10, kisha nguvu zikapungua. Mwaka 1929 timu ikahamishiwa Boston, ikacheza msimu mmoja na kufa. Rufaa zao hazikufa. Mwaka 1963 ligi iliunda kamati, na kura zikawa 12 kwa 2 upande wa Cardinals. Oktoba 2003, Gavana Ed Rendell wa Pennsylvania akiwapigia debe, wenye timu walipiga kura 30 kwa 2 kutolifungua tena shauri. Wawili waliotaka lifunguliwe walikuwa Philadelphia Eagles na Pittsburgh Steelers, timu mbili za Pennsylvania. Unaona kura ilivyokwenda kijimbo.

Kwa insha, kijana aandike hivi bila woga: "NFL inawatambua Chicago Cardinals kuwa mabingwa wa 1925." Hilo ni sahihi na mwalimu hawezi kulikata. Asiandike kwamba Pottsville walikuwa mabingwa kisha wakavuliwa, maana msimu ulikuwa haujaisha. Asiandike fainali. Swali lake lisiwe nani bingwa, liwe kwa nini msimamo wa 1925 unabishaniwa. Hapo zile hesabu tatu, ya mechi mbili za nyongeza, ya kuitoa Milwaukee na ya kuiongeza Providence, zinakuwa uti wa mgongo wa kazi. Azifanye mwenyewe kwa kalamu na aonyeshe njia. Jambo moja la kumtahadharisha: mechi ya Milwaukee ataikuta mahali pengine imeandikwa 58 kwa 0. Rekodi za leo zinasema 59. Achague 59 na asipoteze muda hapo, kwa kuwa wastani wa ushindi haujali umeshinda kwa pointi ngapi.

Ushahidi wa macho upo. Pro Football Hall of Fame ya Canton, Ohio, ina hifadhi ya nyaraka za ligi, na ndipo lilipo kombe ambalo watu wa Pottsville walijitengenezea wenyewe: mpira uliochongwa kwa anthrasiti. Mjini Pottsville kuna Historical Society of Schuylkill County, na mwenzako akienda kusalimia nyumbani anaweza kuwapitia. Kwa insha ya shule safari hiyo haihitajiki. Nendeni maktaba kuu ya Phoenix, muulize dawati la marejeo kuhusu magazeti ya zamani ya Chicago na Philadelphia, kwa kompyuta au kwa filamu ndogo. Wasipokuwa nayo, waombe wayaazime kutoka maktaba nyingine, na muulize mapema kwa sababu maombi hayo huchukua muda. Hili ndilo jambo la kufanya ana kwa ana, kwa kuwa mkutubi atamfundisha kijana kutafuta kwa tarehe, ujuzi ambao mimi siwezi kumpa kwa maandishi.

Mechi hutafutwa kwenye gazeti la kesho yake. Ya Cardinals na Pottsville iko matoleo ya Jumatatu 7 Desemba 1925, ya Milwaukee Ijumaa 11 Desemba, ya Notre Dame na ya Hammond zote mbili Jumapili 13 Desemba. Asome pia siku kumi hivi zinazofuata, maana habari za watoto wa Englewood hazikutoka siku ya mechi.